Kompyuta Zenye Sura ya Bonifasi Kobero

Chuo tulichofundisha kilikuwa ndani ya ghala. Zamani, wakati kila kitu kilikuwa cha umma, ghala lile la Kihonda lilitunza magunia ya shirika moja ambalo sasa ni marehemu. Mageuzi yalipokuja shirika likauzwa vipande vipande, na ghala likaangukia mikononi mwa mfanyabiashara mmoja aliyepaka rangi mlangoni, akagawa vyumba kwa plaiwudi, akaandika juu kwa herufi kubwa kwamba hapa ni chuo. Hakuna aliyemshangaa. Miaka ile Morogoro mjini palikuwa na vyuo vingi kuliko maduka ya dawa. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu alikuwa na chuo cha utalii, na watalii wenyewe hakuwahi kuwaona.

Mimi nilifundisha uhasibu hapo. Bonifasi Kobero alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta, na kitengo chote kilikuwa yeye peke yake.

Alizaliwa Kinole, huko juu ukishapita Mkuyuni, kwa watu wanaolima ndizi na pilipili manga kwenye miteremko ambako mgeni akisimama anashika mti. Mjomba wake, ambaye kwa desturi ya Waluguru ndiye mwenye kauli, alimkatia kipande cha shamba la ukoo. Bonifasi akakikataa mbele ya watu. Alisema jembe halikuumbiwa mikono yake. Akashuka mjini, akapata ukarani kwenye kiwanda kimojawapo, akapiga chapa barua za mabosi mpaka kiwanda kilipobinafsishwa na makarani wakawa wa kwanza kupunguzwa.

Hapo nampa haki yake. Wenzake waliporudi milimani au wakaanza kutembeza mitumba, yeye alikwenda kusoma kompyuta, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunaogopa hata kuigusa. Aliona mbali. Tatizo ni kwamba aliona mara moja tu, kisha akafumba macho na kutumia maisha yake yote yaliyobaki kuhadithia alichokiona.

Alichojifunza ni kuweka mfumo kwenye kompyuta tupu. Siku hizo ukijua hilo ulikuwa kama askofu. Maofisini walimngoja barazani. Alikuja na sidii zake kwenye mkoba wa ngozi, akaomba watu wote watoke chumbani, akaomba soda, akaanza kubonyeza "ndiyo" kila kompyuta ilipomuuliza swali. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzima. Lakini alivyoifanya, kwa kukunja uso na kuvuta pumzi, ungedhani anamtoa mtu pepo.

Mke wake, Anastasia, hakuwa na muda wa mambo hayo. Alikuwa akinunua karoti na njegere kwa wakulima wa Mgeta na kuzipakia kwenda Dar, na ndiye aliyejenga nyumba yao ya Kihonda, tofali kwa tofali. Bonifasi aliwaambia watu kwamba mke wake "anajishughulisha kidogo na mboga."

Basi mwenye chuo akanunua seva. Alikwenda Dar kununua basi, akarudi na basi na seva. Nadhani muuzaji alimpa maneno matamu. Seva ni kompyuta moja yenye nguvu nyingi, na ndani yake unaweza kutengeneza kompyuta nyingine ambazo hazina mwili. Kompyuta pepe. Mwanafunzi anakaa mbele ya kioo na kibodi tu, na kompyuta anayoitumia, yenye mafaili yake na programu zake, inaishi ndani ya lile kabati la chuma kwenye chumba cha Bonifasi. Ikiharibika unaifuta na kutengeneza nyingine. Mawazo mazuri kabisa.

Ila kila moja ilibidi itengenezwe, na mtengenezaji alikuwa Bonifasi. Alizitengeneza moja moja, kwa mkono, kama alivyofanya siku za mkoba wa ngozi. Anafungua kompyuta pepe tupu, anangoja, inamuuliza lugha, anajibu. Inamuuliza nchi, anajibu. Inamuuliza jina, anajibu. Kisha programu ya uhasibu, programu ya kuchapa, kinga ya virusi. Katikati ya kazi anapigiwa simu, akirudi amesahau alipofikia. Kwa hiyo hapakuwa na mbili zilizofanana. Moja ilikuwa na programu ya uhasibu, jirani yake haikuwa nayo. Moja iliamini kwamba tupo mwaka 1980. Wanafunzi wangu walijua meza za kukimbilia, na kipindi changu kilianza kwa kupigana vikumbo.

Ukienda kulalamika, Bonifasi anakutazama kwanza. Ukiwa mdogo kwake unatoa shikamoo. Anapokea polepole. Kisha anasema, "Nimekusikia. Nenda, nitakuita."

Hakuita. Alipenda kuombwa, na nadhani kazi ingekwenda haraka angejiona amepungukiwa kitu.

Ndipo akaja Shamsia. Alikuwa binti wa Tanga, ametoka chuo kikuu karibuni, amepewa mkataba wa mwaka mmoja kufundisha mitandao. Mkuu wa chuo, Mwalimu Ndunguru, ndiye aliyempeleka chumba cha seva kumtambulisha, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuomba, kwa mara ya ngapi sijui, kompyuta za wanafunzi wangu.

"Shikamoo mzee Kobero," Shamsia alisema.

"Marahaba, binti. Karibu. Usiguse chochote."

Shamsia hakugusa. Alisimama nyuma yake akimwangalia anavyojibu maswali ya kompyuta, ndiyo, ndiyo, Tanzania, ndiyo. Mwishowe akauliza, kwa adabu tu, "Mzee, kwa nini unazitengeneza moja moja?"

Bonifasi aligeuza kiti. "Kompyuta ina tabia, binti. Lazima ukae nayo, uizoee. Hii si kazi ya vitabu."

"Ipo programu inayofanya hivyo yenyewe."

"Zipo nyingi," alisema Bonifasi, ambaye hakuwahi kusikia hata moja.

Siku chache baadaye Shamsia alituita. Alikuwa ameandika maelekezo, ukurasa mmoja wa maneno mafupi mafupi: chukua mfumo fulani, lugha hii, saa za Afrika Mashariki, weka programu hizi kwa mpangilio huu. Akaipa programu yake ukurasa ule, akabonyeza mara moja, akakunja mikono. Tukaona kwenye kioo kompyuta tupu inazaliwa, inawaka, inauliza lugha, na jibu linaandikwa bila mkono wa mtu. Inauliza nchi, inajibiwa. Programu ya uhasibu ikaingia, nikaiona kwa macho yangu. Mwisho ile programu ikafuta jina la muda iliyokuwa imeipa kompyuta ile, ikafuta anwani yake ya mtandao, ikaizima na kuifunga kama barua ndani ya bahasha. Wenyewe wanaita imeji. Sisi tulizoea kuiita nakala mama.

"Hii sasa haitumiwi na mtu," Shamsia alieleza. "Inazaa tu. Kila mtoto akiamka mara ya kwanza anapewa jina lake na anwani yake. Na mama haguswi kwa mkono. Tukitaka kubadili kitu, tunabadili maelekezo, halafu tunaiacha programu itengeneze mama mpya kuanzia mwanzo."

Tulikwenda kunywa chai. Tuliporudi, kompyuta za darasa zima zilikuwa tayari, zinafanana kama sare za shule. Mwalimu Ndunguru alipiga makofi peke yake. Mimi nilitamani kumkumbatia yule binti.

Bonifasi alipita katikati ya meza, mikono nyuma, akiinama hapa na pale. "Kuku wa kisasa," alisema mwishowe. "Wanakua haraka, lakini hawana ladha. Zangu zilikuwa za kienyeji."

Wiki ile yote alieneza maneno. Kwa mlinzi alisema kompyuta za mashine zinakufa mapema. Kwa mpishi alisema Tanga wana mambo yao. Kwa mwenye chuo alisema, na hili lilikuwa baya zaidi, kwamba kazi ile aliibuni yeye siku nyingi, akaona amwachie kijana aandike. Mwenye chuo aliamini. Ni mtu aliyeamini kila alichoambiwa na mwenye tai, ndiyo maana alikuwa na seva.

Mwenye chuo akaamua kufanya uzinduzi. Akaalika mgeni rasmi, mtu mnene wa mabasi na vituo vya mafuta, aliyekuwa akizindua kitu karibu kila wiki. Kadi zikachapwa, mahema yakakodiwa. Ijumaa Shamsia alijenga nakala mama ya mwisho, akaijaribu, akaifunga, akaenda zake Mji Mpya kwa shangazi yake.

Jumamosi asubuhi Bonifasi alifungua chumba cha seva. Ufunguo ulikuwa wake, hakuna wa kumuuliza. Akamwasha yule mama asiyeguswa. Akaweka kwenye uso wa kioo picha yake aliyopiga studio, amevaa suti, mkono mmoja juu ya maua ya plastiki. Chini yake akaandika: "Karibu. Mfumo huu umeandaliwa na Mhandisi B. Kobero." Uhandisi wenyewe alijitunuku asubuhi hiyo hiyo. Halafu, kwa mazoea yake ya miaka yote, kompyuta ikiwa imewaka mbele yake akaipa jina na akaipa anwani ya mtandao, kwa mkono. Akaizima. Akawafuta watoto aliowaacha Shamsia, akazalisha wengine kutoka kwa mama huyu mpya, akawazima bila kuwafungua hata mmoja, akaenda nyumbani kula.

Jumatatu tulijaa darasani. Mgeni rasmi alikaa mbele, shingo imefunikwa na maua. Mwalimu Ndunguru alihutubia kuhusu sayansi na teknolojia, ambazo alizitaja pamoja kila mara kama mtu na mdogo wake. Kisha wanafunzi wakaambiwa wawashe.

Vioo vyote vikawaka kwa mpigo, na kutoka kila meza, mstari baada ya mstari mpaka ukutani, Bonifasi Kobero akatutazama akiwa ameegemea maua ya plastiki.

Watu walipiga makofi, kwa sababu walidhani ndivyo ilivyopangwa. Bonifasi akasimama, akainamisha kichwa kidogo. Shamsia, aliyekuwa karibu yangu, alishika mdomo.

"Mwalimu Veronika," aliniambia kwa sauti ya chini, "amemfungua mama."

Nikawa bado sijaelewa ubaya wake. Nikauelewa papo hapo. Juu ya tai ya Bonifasi, kwenye kila kioo, likatokea tangazo kwamba kuna kompyuta nyingine mtandaoni yenye jina hili hili. Likafuatwa na jingine, kwamba anwani hii tayari ina mwenyewe. Kompyuta zote zilikuwa zimerithi jina na anwani aliyompa mama, zikaamka zikiamini kwamba ni moja. Mwanafunzi akifungua ukurasa wa zoezi, wa meza ya pili anasukumwa nje. Wa pili akirudi, wa tatu anaanguka. Darasa zima likawa linabonyeza na kuguna. Binti mmoja wa mbele, mbele kabisa ya mgeni rasmi, akasema kwa sauti, "Sasa mimi ni nani hapa?"

Mgeni rasmi alinyoosha kidole kwenye kioo. "Na huyu ni nani?"

"Ni mimi, mheshimiwa," alisema Bonifasi.

"Naona. Mbona haifanyi kazi?"

"Umeme, mheshimiwa. Umeme wetu unapanda na kushuka."

Mgeni alitazama taa juu, zilizokuwa zinawaka bila hata kupepesa. "Na picha, imeletwa na umeme?"

Nyuma kuna aliyecheka, akajifanya anakohoa. Bonifasi alijipangusa shingo. Akatafuta mtu wa kumbebesha lawama, na hakuwa na haja ya kutafuta mbali.

"Mheshimiwa, tatizo ni hii programu ya huyu binti. Mimi nilitahadharisha. Vitu vya kujiendesha vyenyewe haviaminiki."

Shamsia alisimama. Sauti yake ilitulia. "Mzee Kobero, programu yangu haina picha yako."

Ndunguru, ambaye maisha yake yote alikuwa na kipaji kimoja tu, cha kujua wakati wa kula, akapiga kengele ya mezani. "Waheshimiwa, chakula kipo tayari."

Walikwenda kwenye pilau. Shamsia alibaki, nami nikabaki naye. Hakujaribu kumtibu yule mama aliyechezewa. Alimfuta. Akachukua ule ukurasa wake wa maelekezo, akaipa programu, akabonyeza mara moja. Tulikaa pale tukila karanga, tukitazama maswali yakiulizwa na kujibiwa, mpaka mama mpya akafungwa na watoto wakaamka, kila mmoja na jina lake, na uso wa kioo ukiwa wa buluu tupu, bila mtu. Nilikimbia kuwaita. Mgeni rasmi alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na choo cha kuzindua kwingine. Wengine walisema watakuja wakimaliza soda. Hakuja mtu.

Jioni ile ile, kabla hatujafunga, Bonifasi aliingia. Alivua koti, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi. Nilijiandaa kusikia jambo la umeme.

"Binti," alisema, "nionyeshe."

Shamsia alimwonyesha. Sitakaa nisahau uvumilivu wa yule mtoto. Mimi ningemwonyesha mlango. Alimsomea maelekezo mstari kwa mstari, akamweleza kwa nini jina na anwani vinafutwa mwishoni, kwa nini mkono wa mtu hautakiwi kuingia pale katikati. Bonifasi alitikisa kichwa, hakuandika kitu. Mwishowe akauliza:

"Hakuna mahali inaposimama kidogo ikamuuliza mtu?"

"Hakuna, mzee."

"Hata mara moja? Ikaomba ruhusa?"

"Ndiyo faida yake. Haimuulizi mtu."

Alitazama kile kioo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani akakuta kitasa kimebadilishwa. Dakika ile nilimhurumia. Kisha akasimama, akavaa koti, akasema, "Mimi ningeweka sehemu ya kuuliza," na huruma yangu ikaisha.

Mkataba wa Shamsia haukuongezwa. Mwenye chuo alisema uzinduzi uliingia doa na lazima mtu awajibike. Bonifasi alikuwa mtu wa siku nyingi, Shamsia wa juzi. Yeye wala hakulia. Kampuni moja ya simu ya Dar ilimchukua kabla hajamaliza kufunga mabegi, na aliniambia huko wanajenga nakala mama kila siku, zinafutwa jioni, asubuhi zinajengwa nyingine, na hakuna anayezipigia makofi.

Kwetu ikabaki programu na ukurasa wake. Nilidhani Bonifasi angevitupa. Hapana. Alijifunza kitu kimoja, mahali pa kubonyeza. Kisha akaweka pazia zito kwenye mlango wa chumba cha seva. Ukienda kuomba kompyuta, anavuta pumzi, anakunja uso, anasema kazi ni nzito, njoo wiki ijayo. Unaondoka. Anabonyeza. Kabla hujafika geti la nje, kompyuta zako zinaanza kutengenezwa; yeye anakaa nyuma ya pazia anasoma gazeti la michezo wiki nzima, anakukabidhi akiwa amefikicha macho yakawa mekundu.

Nilikutana na Anastasia sokoni Mawenzi, akisimamia upakiaji wa karoti.

"Shemeji yako anasema kompyuta zinammaliza," aliniambia. "Kila siku anazitengeneza kwa mkono."

Nikamweleza ukweli. Alicheka mpaka akashika gunia. "Ndiyo maana usiku hakoromi tena! Mchana anamaliza usingizi wote."

Mchezo ule ulidumu miaka kadhaa. Maelekezo ya Shamsia yalikuwa yanachukua programu kutoka kwenye anwani fulani za mtandao, na anwani hazidumu. Siku moja mojawapo ilifungwa. Bonifasi akabonyeza, ikagoma. Kurekebisha ilikuwa kubadili mstari mmoja. Nasema hivyo kwa sababu nilimpigia Shamsia simu na ndivyo alivyoniambia, tena akanitajia na mstari wenyewe. Nilimpelekea Bonifasi. Aliniambia mhasibu abaki kwenye hesabu zake. Akamwandikia mwenye chuo kwamba seva imezeeka. Ikanunuliwa nyingine. Ikagoma vilevile, kwa sababu ukurasa ulikuwa ule ule. Akarudi kuzitengeneza kwa mkono, moja moja, ndiyo, ndiyo, Tanzania, ndiyo, na wanafunzi wakarudi kupigana vikumbo kugombea meza, mpaka walipochoka wakahamia vyuo vingine. Siku hizi ndani ya ghala lile wanatunza mpunga unaotoka Dakawa, na nadhani mpunga unapata huduma nzuri zaidi.

Bonifasi yupo kwenye biashara ya mboga ya mke wake. Nilipita pale mwezi uliopita kununua njegere. Alikuwa ameketi karibu na mzani akiwaelekeza wabebaji namna ya kubeba magunia, kazi waliyozaliwa nayo, nao wakimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Aliniuliza habari za Shamsia. Nikamwambia amekuwa mkubwa, anasimamia watu wengi, juzi juzi alipelekwa nje ya nchi kufundisha wenzake mambo yale yale ya nakala mama.

Bonifasi alitabasamu, akamgeukia mbebaji aliyekuwa karibu, amejitwika gunia, jasho linamtiririka.

"Huyo binti wanayemsema," alimwambia, "nilimfundisha mimi."

"Sawa mzee," alijibu yule mbebaji. "Naomba unipishe."